"Umeelewa?" "Ndiyo, Daktari"



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja linalosemwa kila siku katika hospitali zetu, tena husemwa mwishoni kabisa, wakati daktari amekwisha kulivuta faili la mgonjwa anayefuata. Neno lenyewe ni "Umeelewa?" Na jibu lake mnalijua. Sijapata kumsikia mtu akijibu, "Hapana, daktari, sijaelewa hata kidogo, hebu anza tena."

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu katika hospitali moja hapa jijini. Alikuwa amekonda, anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na usiku hazipiti saa mbili bila kuamka kwenda msalani. Alipimwa, akakutwa na kisukari. Daktari alikuwa kijana mpole na mwenye adabu. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha akaeleza. Alieleza mengi. Alisema kongosho halitoi insulini ya kutosha. Akaingia kwenye presha, macho, figo na mishipa ya fahamu. Akataja vidonge na namna ya kuvimeza, akasema sukari ipunguzwe, na mwisho akasema, "Na miguu, mama, uwe unaiangalia sana." Yote hayo kwa dakika saba au nane, na nje ya mlango benchi limejaa, wengine wamesimama ukutani.

"Umeelewa, mama?"

Shangazi akanitazama mimi. Na mimi, mtu wa kusema redioni, nikamjibia: "Ameelewa, daktari."

Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, ila sikutaka kijana yule anione mshamba. Tulipofika nyumbani shangazi aliacha kutia sukari kwenye chai, na hapo akaona kazi imekwisha. Ugali aliendelea kula sahani ile ile. Msimu wa maembe ulipofika alikula maembe, maana embe ni tunda na daktari alisema sukari, hakusema embe. Kuhusu miguu, alifahamu kwamba awe mwangalifu anapotembea, asijikwae. Hiyo ndiyo maana ya kuangalia, au sivyo? "Angalia, utaanguka." "Angalia, kuna gari." Hakuna aliyemvua viatu akamwonyesha kwamba kuangalia kulikokusudiwa ni kuinua unyayo kila siku, kuupeleka kwenye mwanga, na kutazama hata katikati ya vidole.

Msumari mdogo ulitoboa kandambili yake ukaingia kwenye unyayo. Hakuusikia. Mtu ambaye kisukari kimeshaharibu mishipa yake ya fahamu anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Alitembea na msumari ule siku mbili, mpaka binti yake alipoona alama za damu sakafuni. Kidonda kilifichwa kwa soksi na kupakwa dawa ya dukani, kwa kuwa hakikuuma, na kisichouma nani atakipangia foleni? Ilipofika wiki ya nne kilikuwa kinanuka. Kwanza kikaondolewa kidole, baadaye mguu chini ya goti.

Simlaumu yule daktari. Nimekaa nikalifikiri jambo hili muda mrefu, na ninavyoona ni hivi: kijana yule alifundishwa miaka mingi habari za kongosho, na alizijua vizuri. Kumwonyesha mama wa miaka sitini namna ya kukagua unyayo wake, hilo huenda hakufundishwa hata siku moja. Kujua jambo na kumjulisha mwenzako ni kazi mbili tofauti. Mwalimu wa shule ya msingi hupelekwa chuo cha ualimu akajifunze kufundisha, hata kama hesabu za darasa la nne anazijua kama jina lake. Daktari anafundisha watu kila siku, watu wazima, tena waliojaa hofu na maumivu, na wengi wetu tunadhani atajifunza kazi hiyo njiani.

Hebu tuanze na lugha, maana mimi lugha ndiyo jembe langu. Daktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza, halafu hutibu kwa Kiswahili. Akichoka huchanganya. Na hata anaposema Kiswahili safi, mtego upo. Chukueni ile bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "1 x 3". Aliyeiandika anajua maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Dirishani husomwa, "Kimoja, kutwa mara tatu." Sasa kutwa, ndugu msikilizaji, ni mchana, tangu kupambazuka hadi jua kuzama. Aliye mwaminifu kwa lugha yake atameza cha kwanza alfajiri, cha pili adhuhuri, cha tatu magharibi, kisha dawa ilale naye saa kumi na mbili. Na wapo wanaoisoma hesabu ile kinyumenyume, wakameza vitatu kwa mkupuo mmoja.

Au mtu anaambiwa, "Kesho njoo kupima sukari, usile kitu." Anakuja hajala kweli. Amekunywa chai tu, ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, na chai sisi hatuli, tunakunywa. Kadi ya kliniki imeandikwa 8:00, naye mtu wa watu anafika saa nane mchana, anakuta nesi anafunga dirisha. Kijiko kilichosemwa kilikuwa cha chai, mililita 5, nyumbani kikatafutwa kikapatikana cha mezani, mililita 15, na anayenyweshwa ni mtoto mchanga. Halafu kuna majibu ya maabara. Mtu akiambiwa ghafla kwamba majibu yake ni "chanya", ataachaje kufurahi? Redioni sisi wenyewe tunahubiri fikra chanya na mtazamo chanya kutwa kucha.

Nikiingia kwenye presha sitatoka leo. Nitasema moja tu. Watu wetu wana presha ya kupanda na presha ya kushuka, na dawa humezwa siku inapopanda, yaani siku kichwa kinapouma. Presha yenyewe aghalabu haina dalili yoyote, hukaa kimya mpaka siku inapomwangusha mtu. Daktari anayesema "meza kila siku" bila kwanza kuuliza mgonjwa anaitazamaje presha yake, anapanda mbegu juu ya mwamba. Mgonjwa hakuja akiwa mtupu. Amekuja na elimu yake aliyopewa na jirani, na mama mkwe, na mtu wa dukani, na hiyo ndiyo atakayorudi nayo.

Msije mkadhani ni tatizo letu sisi tu. Huko kwenye hospitali zenye lifti na mazulia limepimwa kwa saa na kalamu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walisikiliza kanda za mazungumzo ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kwamba mgonjwa alipoanza kueleza kilichomleta, kwa wastani alikatizwa baada ya sekunde 18. Mwaka 2003 Mholanzi Roy Kessels alikusanya tafiti za wenzake akaandika kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo anayopewa mgonjwa husahaulika papo hapo, na katika yale yanayokumbukwa, karibu nusu hukumbukwa vibaya. Mwaka huo huo, katika jiji la San Francisco, watafiti waliwasikiliza madaktari wakizungumza na wagonjwa wa kisukari wasio na elimu kubwa. Walihesabu mambo mapya 124 ambayo madaktari waliwaeleza wagonjwa hao. Mangapi daktari alirudi nyuma kuhakikisha kama yameeleweka au yamekumbukwa? Mambo 15. Na wagonjwa wa madaktari waliokuwa na tabia hiyo ya kuhakikisha, sukari yao ilielekea kuwa katika hali nzuri zaidi.

Ninaposikia hivyo nafarijika kidogo, halafu nasikitika zaidi. Nafarijika kwa sababu si ujinga wa shangazi yangu. Nasikitika kwa sababu dawa ya tatizo hili haihitaji kununuliwa kwa fedha za kigeni.

Wazo la kwamba mgonjwa lazima afundishwe si la jana. Daktari Elliott Joslin wa Boston aliandika mwaka 1918 kitabu cha mwongozo wa kisukari, akakikusudia kisomwe na daktari na mgonjwa pia. Alikuwa na wauguzi waliokwenda majumbani kuwafundisha wagonjwa. Lakini kuna hatua nyingine iliyochukua muda mrefu kuonekana, nayo ni kumfundisha mfundishaji. Hapo jina linalotajwa sana ni la Jean-Philippe Assal wa Geneva, Uswisi, aliyeanzisha mwaka 1975 katika hospitali ya chuo kikuu cha huko kitengo cha kutibu na kufundisha wagonjwa wa kisukari. Kutibu na kufundisha chini ya paa moja, kazi ya watu wale wale. Katika kitengo hicho daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe walilazimika kujifunza upya, safari hii si habari za ugonjwa bali namna mtu mzima anavyojifunza, anavyosahau, na anavyokataa kukubali kwamba anaumwa.

Kutokana na kazi za namna hiyo, Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, lilitoa mwaka 1998 taarifa maalumu juu ya mafunzo ya watumishi wa afya wanaowafundisha wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Ndani yake lipo jambo ambalo laiti lingebandikwa kila chumba cha daktari: kwamba watumishi wa afya huelekea kumsimulia mgonjwa habari za ugonjwa wake, badala ya kumzoesha kazi za kila siku za kuishi nao. Kusimulia na kuzoesha. Shangazi alisimuliwa mguu.

Na sisi je? Sisi tuna historia, tena ya kujivunia. Wakubwa wenzangu mtaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Walikuwa na kitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadiliana, wakaamua: kijiji hiki tutachimba vyoo, tutafyeka majani, tutafukia madimbwi. Kisha wakachimba. Kilichonivutia siku zote katika kampeni ile ni kwamba viongozi wa vikundi walipewa mafunzo kwanza. Hawakuambiwa wakahutubie. Walifundishwa kuuliza na kunyamaza, watu waseme. Leo nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto asubuhi, utamkuta muuguzi mbele ya akina mama sitini akitoa somo la afya. Kazi nzuri, na ninamheshimu. Lakini anahutubia, watoto wanalia, na akimaliza anauliza, "Tumeelewana?" Wote kwa pamoja: "Ndiyooo."

Upo pia mfano wa karibu zaidi, na unahusu miguu. Madaktari wa kisukari wa Dar es Salaam walichoka kupokea miguu iliyokwisha oza. Baadhi ya waliyoyaona hayasimuliki wakati wa chakula. Mwaka 2005 waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini, wasisikie kitu hadi asubuhi. Sisi husema panya huuma na kupuliza. Kwa mguu uliokufa ganzi hana haja hata ya kupuliza.

Basi katikati ya miaka ya 2000, Tanzania, pamoja na India, zikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuingia katika mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua. Hapa nchini aliyeuongoza ni Dk. Zulfiqarali Abbas. Kilichofanyika ni hiki: hospitali ilitoa watu wawili, daktari mmoja na muuguzi mmoja, wakaja mafunzoni pamoja. Walijifunza kukagua mguu, kusafisha kidonda, na kumfundisha mgonjwa na jamaa zake. Wakarudi kwao na vifaa, wakafanya kazi, kisha baadaye wakaitwa tena kwa mafunzo ya pili. Naupenda sana uamuzi ule wa kuwaita wawili. Daktari akipelekwa peke yake akirudi atakuwa na cheti. Wakienda wawili, kuna wa kumkumbusha mwenzake. Na tuseme kweli, mgonjwa akitoka kwa daktari humwendea nesi na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Eti dada, amesema nini?" Aliye mwalimu hapo ni nani?

Sasa mtu hufundishwaje kufundisha mgonjwa? Njia moja ilianzia Los Angeles mwaka 1963, pale Howard Barrows alipomtumia mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wajaribie kwake. Wakati ule wengine walimcheka. Siku hizi njia hiyo hutumika katika vyuo vingi duniani. Mwanafunzi anaingia, anazungumza na mwigizaji, na baadaye mwigizaji anamwambia usoni, "Uliposema neno lile sikulifahamu, nikaogopa kukuuliza." Huo ndio ukweli ambao mgonjwa halisi hatausema kamwe. Nchi yetu haina upungufu wa waigizaji. Wapo mpaka wanagombana.

Njia ya pili ni rahisi hata zaidi. Daktari aache kuuliza "Umeelewa?" Badala yake aseme, "Mama, nimesema mengi na huenda sikueleza vizuri. Hebu niambie, ukifika nyumbani utafanyaje?" Tazameni jinsi swali hilo lilivyopindua mambo. Mtihani si wa mgonjwa tena, ni wa daktari. Mgonjwa akikosea, mwalimu ndiye aliyekosea, na anarudia kwa maneno mengine. Hapo hapo angegundua kwamba maembe bado yapo kwenye mpango.

Lakini swali hilo lina masharti. Kwanza usiseme mambo kumi. Sema mawili au matatu yaliyo ya lazima leo, mengine yangoje kliniki ijayo. Pili, kinachoonyeshwa kisielezwe kwa mdomo tu. Kupima sukari kwa kipimo cha nyumbani, kujidunga insulini, kukagua unyayo, vyote hivyo mkono hujifunza kwa kufanya. Tatu, na hili ni gumu kwa wasomi wetu, kubali maneno ya mgonjwa. Akisema "ganzi" usimsahihishe. Hilo ndilo neno litakaloamka naye usiku.

Najua mtakachonijibu, waheshimiwa madaktari. Muda uko wapi? Wagonjwa themanini, daktari mmoja, chumba kimoja. Nakubali, na sitaki kuwa kama wale wanaoshauri jinsi ya kuogelea wakiwa ukumbini na kahawa. Yapo mambo ambayo daktari peke yake hawezi, yanahitaji vyumba, watu na mishahara. Ila nimefanya hesabu yangu ya kienyeji. Kumvua shangazi viatu na kumwonyesha unyayo kungechukua dakika tano. Kwa sababu dakika hizo hazikupatikana, alilala wodini majuma tisa, akaingia chumba cha upasuaji mara mbili, akachukua kitanda, damu, dawa na saa zisizo na idadi za wauguzi. Muda ulitumika. Ulitumika mwishoni, na ulikuwa mwingi.

Na sisi tunaosindikiza wagonjwa? Mimi nimejiwekea kanuni. Sijibu tena kwa niaba ya mtu. Nikimpeleka mzee hospitali nabeba daftari, na kabla hatujaondoka namwambia daktari kwa heshima zote, "Samahani, naomba nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe." Sijapata kufukuzwa. Mmoja aliguna, kisha akacheka, kisha akagundua kwamba alikuwa amesahau kutuambia kuwa dawa ile humezwa baada ya chakula.

Shangazi yu hai. Baada ya mguu kupona tulimrudisha kliniki, safari hii tukapokewa na muuguzi wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuanza na kongosho. Aliketi kwenye kigoda mbele ya shangazi, akamvua kiatu kilichobaki, akaushika mguu ule mkononi, akasema, "Dada yangu, huu ndio tulionao. Hebu nionyeshe kesho asubuhi utaufanyaje." Shangazi akaona haya kwanza. Kisha akainama, akajaribu kuutazama unyayo, goti likakataa. Muuguzi akaenda mezani akaleta kioo kidogo cha mkononi, akamwachia akishike mwenyewe. Shangazi akakiweka chini sakafuni, akauinua mguu juu yake, akatazama. Akasema ataosha kwa maji ya uvuguvugu, atayajaribu kwanza kwa kiwiko, atakausha. Muuguzi akauliza, "Utakausha wapi?" Shangazi akafikiri. "Mguu wote." "Na katikati ya vidole?" Wakaanza tena tangu mwanzo, wakarudia mara tatu, na nje benchi lilikuwa limejaa kama kawaida.

Hadi wiki ijayo, ndugu wasikilizaji. Kioo kile tulikinunua sokoni njiani tukirudi.